Maswali ya Wasomaji: Herufi MHM

Swali: Katika makaburi ya mapadre parokiani kwetu, majina ya Wazungu yamefuatwa na herufi MHM, nami naambiwa ni Mill Hill. Je, huyo alikuwa mtakatifu? – Msomaji, Kakamega

Jibu: La, ndugu msomaji. Mill Hill ni mtaa wa kaskazini mwa London, ambako mwaka 1866 Padre Herbert Vaughan, aliyekuja kuwa Kardinali na Askofu Mkuu wa Westminster, alianzisha chuo cha kuwaandaa wamisionari. Herufi hizo humaanisha Wamisionari wa Mill Hill.

Hata hivyo, shirika lenyewe liliwekwa chini ya Mtakatifu Yosefu, na jina lake rasmi humtaja yeye kwanza. Juu ya mnara wa chuo kile iliwekwa sanamu yake ya rangi ya dhahabu. Kwetu Waafrika jina hilo lina uzito wa pekee, kwani Injili ya Mathayo yasimulia kwamba Yosefu ndiye aliyemchukua Mtoto Yesu na mama yake usiku, akakimbilia nao Misri, yaani katika bara letu. Wamisionari hao walifika Uganda mwaka 1895, kisha wakaenea hadi Kisumu na Kakamega.