Kazi ya Ami Naifanya, Lakini Usiku Silali

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, naishi Likoni. Kila asubuhi navuka feri kwenda ofisini kwa ami yangu, wakala wa kutoa mizigo bandarini. Ndiye aliyenilipia karo ya chuo. Jioni nafundisha watoto sita wa mtaani kwetu hesabu, barazani, na hapo ndipo najiona ni mimi. Usiku nalala macho, nawaza: mimi ni nani hasa? Wenzangu naona wameshajijua. Je, huu ni ugonjwa?
Msichana wa Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kujiuliza hivyo si ugonjwa. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett wa Marekani alipendekeza miaka 18 hadi 25 ihesabiwe kuwa kipindi cha peke yake, ambapo kujitafuta ndiyo shughuli kubwa. Ila yeye aliwatazama zaidi vijana wa kwao. Huku kwetu unajitafuta huku una deni la fadhila kwa ami, na mzigo huo si mwepesi.

Kuhusu wenzako, usijipime nao. Tangu utafiti wa James Marcia wa mwaka 1966, wanasaikolojia wanajua kwamba wako vijana waliopokea njia ya wazee wao bila kujiuliza lolote, na mara nyingi hao hawana wasiwasi mwingi. Anayetafuta bado ndiye anayehangaika. Huenda utulivu unaouona kwao ni huo tu.

Linalonitia hofu ni hizo usiku zako. Mwaka 2008 Koen Luyckx na wenzake, huko Ubelgiji, walitenganisha kutafuta kwa kuuliza na kupima mambo, na kule kuliwazua swali lile lile bila kusogea. Huku kwa pili ndiko kulikoandamana na huzuni na kujiona duni. Kitandani unawazua. Jioni, na wale watoto, unatafuta kwelikweli, ingawa mwenyewe hukuhesabu!

Basi ongeza hilo la jioni. Omba ruhusa siku moja, panda matatu hadi chuo cha walimu Shanzu, uliza masharti ya kujiunga na karo, kisha tafuta mwanafunzi mmoja akueleze siku yake ilivyo. Zungumza pia na mwalimu wa shule ya karibu, maana kufundisha watoto sita barazani na kusimama mbele ya darasa lililojaa ni mambo mawili. Ukiona hukupendi, nalo ni jibu.

Usingizi ukiendelea kukukimbia kwa wiki mbili, au ukakosa hamu hata ya wale watoto, nenda hospitali ukamweleze daktari yote uliyoniandikia.

Kwa ami usiende bado. Ukishapata majibu ya Shanzu, mweleze mama kwanza, akutangulie. Ami aanze kusikia shukrani, kisha mpango wenye hesabu ya karo na muda utakaobaki kumsaidia ofisini.