Fundi Anajibu: Kerneli imevutwa yote, bodi bado kimya

SWALI: Mambo fundi. Niko chuo Arusha, nina BeagleBone Black (kompyuta ndogo ya bodi moja) na nataka iwake kwa kuvuta kerneli (kiini cha Linux) toka kwenye laptop kupitia kebo ya mtandao maana nimechoka kuchomoa chomoa memori kadi. U-Boot (programu inayoiwasha bodi) inavuta vizuri tu, zImage (faili la kerneli iliyobanwa) naiweka kwenye anwani ya RAM 0x82000000 na dtb (faili linaloielezea kerneli vifaa vya bodi) naiweka 0x82800000, ya kerneli inaandika Bytes transferred = 9437184 (900000 hex), nikipiga bootz (amri ya kuwasha kerneli) inaandika Starting kernel halafu basi, kimya. Muhula uliopita ilikuwa inawaka, juzi ndo nimeongeza madraiva kwenye kerneli. Washkaji wanasema RAM imekufa. Ninunue nyingine?

JIBU: Usinunue kitu mdogo wangu, tunza hela yako. U-Boot yenyewe inaishi humo humo kwenye RAM, tena inajihamishia kule juu kabisa mwisho, RAM ingekuwa imekufa hata hiyo prompt (sehemu ya kuandikia amri) usingeiona. Jibu umeliandika mwenyewe. Toka 0x82000000 mpaka 0x82800000 ni 0x800000, yaani MB 8, na kerneli yako sasa hivi ni 0x900000, MB 9. Kwa hiyo dtb ikija inakaa juu ya kerneli, MB 1 ya mwisho inatobolewa pale mwanzo wake, kerneli ikijaribu kujifungua inakuta takataka inagoma bila hata kusema neno. Muhula uliopita ilikuwa chini ya MB 8 ndo maana ikawaka.

Na usitegemee U-Boot ikwambie, matoleo ya karibuni yanakataa ukitaka kuiandikia yenyewe juu yake ila mafaili yako ukiyapandanisha hilo ni juu yako. Ukitaka kuhakikisha geuza mpangilio, vuta dtb kwanza kerneli baadaye, safari hii itakayoharibika ni dtb na utalalamikiwa Did not find a cmdline Flattened Device Tree.

Dawa: dtb ipeleke 0x88000000. Namba hiyo sijaiokota, RAM ya bodi hii inaanzia 0x80000000, na nyaraka za kerneli za ARM (aina ya prosesa ya bodi hii) zinashauri dtb ikae juu kidogo ya MB 128 toka mwanzo wa RAM, kwa sababu kerneli ikijifungua inatanuka na inaweza kufunika kilicho jirani. Halafu piga bootz 0x82000000 - 0x88000000, hicho kistari usikisahau, kinashika nafasi ya ramdisk (mafaili ya kuanzia yanayokaa kwenye RAM) ambayo huna. Ikiwa bado kimya baada ya hapo angalia console (njia kerneli inapotolea maandishi) kwenye bootargs (maelekezo U-Boot inayoipa kerneli), kerneli za zamani ni ttyO0 (herufi O halafu sifuri), mpya ni ttyS0, watu wamelala macho kwa hii kitu.

SWALI: Habari za kazi fundi, mimi natoka Mombasa. Bodi inaandika T T T T tu haivuti kitu, na nikiiping toka kwenye laptop haijibu. Kebo nimebadilisha.

JIBU: Salama. Hizo T maana yake bodi imeomba faili ikangoja bila kujibiwa. Hiyo ping ya laptop (kupiga hodi kwa mtandao) isikutishe, U-Boot ikiwa imekaa tu kwenye prompt haisikilizi mtandao kabisa, inasikiliza pale tu inapotekeleza amri ya mtandao. Piga ping ukiwa kwenye bodi kwenda laptop. Ikisema alive basi kebo na IP ziko sawa, mchawi ni faiawoli ya laptop imefunga UDP 69 (mlango wa TFTP) au seva ya TFTP (programu ya laptop inayotoa mafaili) haijawashwa, izime faiawoli dakika moja ujaribu tena. Ikisema ARP Retry count exceeded hapo bodi haijamuona mtu kabisa, angalia serverip (IP ya laptop) na ipaddr (IP ya bodi) kama ziko mtandao mmoja. Na ukija kuona File not found furahi, maana seva imeshakujibu, iliyobaki ni jina la faili au folda tu. Ila Windows huwa inakataa kujibu ping hata kama kila kitu kiko sawa, kwa hiyo kama ndo unayotumia zima faiawoli kwanza kabla ya hiyo ping.