Flashi za wateja zinaniua!

SWALI: Habari kaka, nina steshenari Kariakoo, wateja wanaleta flashi kuprinti, sasa kompyuta imeshika virusi, kila flashi nikichomeka mafolda yanageuka shotikati (vile vialama vya njia ya mkato) na mteja anasema nimemfutia kazi yake. Fundi anataka afomati kila kitu, na mauzo yangu yote yamo humo humo. Nifanyeje? – Msomaji, Kariakoo

JIBU: Pole sana dada, na tafadhali usikubali kufomati kwanza! Mafaili mara nyingi hayajafutika, yamefichwa tu. Ila anza na kompyuta, maana ukisafisha flashi kabla ya mashine itachafuka tena hapo hapo: apdeti Windows Defender, ile kinga ya virusi iliyomo tayari ndani ya Windows 10, halafu skani yote. Ndo uchomeke flashi, zile shotikati usizibofye kabisa, fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) uandike hivi:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Badala ya hiyo F weka herufi ambayo kompyuta imeipa flashi yako, bonyeza Enter, subiri, mafolda ya kweli yatatokea, shotikati ufute.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hayo mauzo, dada, kompyuta ya hesabu haitakiwi kuguswa na flashi ya mtu. Tafuta hata mashine yuzdi ya kuprintia, au wateja wakutumie kwa imeili. Mauzo nakili kila jioni kwenye eksteno (hadi diski ya nje), ukimaliza ichomoe, ukiiacha imechomekwa virusi vinaingia na humo.