Aconcagua si Kilimanjaro

Ndugu, umeuliza kama Aconcagua ya Argentina ni volkano kama Kilimanjaro uliyokwisha panda. Siyo. Mawe ya kileleni yatakudanganya, maana ni ya volkano kweli, ila ya kale mno. Mlima wenyewe uliinuliwa na miamba kubanwa na kupandana, bamba la Nazca, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kilicho chini ya Pasifiki, likipenya chini ya Amerika Kusini. Hapo bamba limelala karibu bapa, ndiyo maana moto wa volkano ulizimika.

Halafu mita 6,961 si 5,895! Msitu usiutafute: bonde la Horcones, njia ya kupandia, ni vumbi tupu, na juu kuna kokoto zinazokurudisha nyuma kila ukikanyaga. Kambini Plaza de Mulas, mita 4,300 hivi, lala siku kadhaa mwili uzoee. Nenda Desemba au Januari, na upepo uuogope kuliko baridi.