Uji kwenye rejeta: kabla hujaing'oa hedi

Juzi nimeingia gereji nikakuta kabini ya Kenta, lori dogo la Mitsubishi, imeinuliwa, kava ya roka imelazwa mchangani (mchangani!), na kijana wetu mmoja amening'inia na bomba la chuma anashindana na bolti za hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda. Kulikoni? "Fundi, rejeta ina uji." Yaani maji ya kupoza injini yamekuwa mazito na machafu, naye keshahukumu ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Basi, hicho ndicho kipimo chote alichopima. Nikamwambia ateremke, nikaenda kunywa chai nisije nikamtukana mtoto wa watu. Chai haikusaidia, ndiyo maana naandika.

1. Uji si gasketi. Uji unakwambia tu kwamba maji yamechafuka, haukwambii yamechafukia wapi. Oili na maji vinapakana kwenye hedi, sawa, lakini vinapakana pia kwenye oilikula, kile kipozeo cha oili kinachopitiwa na maji. Na injini ikinguruma, presha ya oili inaishinda ya maji mara kadhaa, kwa hiyo oilikula ikitoboka, oili ndiyo inayohamia upande wa maji, na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, inaweza kubaki safi kabisa.

Hili nilifundishwa chuoni, likaja kwenye mtihani, nikalipata. Halafu nikalisahau mbele ya mteja.

Ilikuwa Kenta ya injini ya 4D33 ya mzee mmoja wa Gongoni, ikibeba chumvi. Nilikuwa na miaka mitatu kazini, yaani ule umri wa fundi kujua kila kitu. Nikafungua kifuniko, nikaona uji wa rangi ya chai ya maziwa. Pale pana mzee, tanboi wake na majirani watatu wasio na shughuli. Nikajifuta mikono polepole kama daktari, nikatamka: "Gasketi ya hedi, mzee." Dipstiki niliichomoa, msidhani sikuichomoa. Ilikuwa safi. Unajua nilisema nini? "Bado haijafika huku." Kana kwamba maji yanasubiri matatu.

Hedi ikashuka, nikaipakia hadi Mombasa kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso kwa mashine, kilomita mia moja na ushei. Yule fundi wa mashine akaiwekea rula ya chuma, akaniangalia. "Hii imenyooka. Umeileta kwa nini?" Nikaona ananidharau. Nikamwambia askimu tu. Nikarudi, nikafunga, nikaosha rejeta kwa sabuni ya unga mpaka povu likafika barabarani, lori likaondoka na honi mbili.

Siku tisa, likarudi na uji ule ule.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nikasema gasketi ilikuwa bandia. Nikamlaumu muuza spea, tena kwa sauti, na sijawahi kumwomba radhi mpaka leo. Mzee akanunua gasketi ya pili, ya bei. Alinitajia tu, bila lawama, kwamba zile zilikuwa pesa za karo ya muhula. Nikaing'oa hedi mara ya pili. Nikafunga kwa toki, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda nje, hatua kwa hatua, kazi safi ambayo ingempendeza mwalimu wangu. Wiki ya pili, uji.

Ni tanboi aliyeuliza. Kijana hajashika spana maishani mwake. "Fundi, na hili dude lililo nyuma ya filta ya oili, lenyewe halipiti maji?"

Majirani wote watatu walikuwepo.

Nikaifungua oilikula, nikaziba tundu moja, jingine nikalipa upepo kidogo, nikaizamisha kwenye karai. Ikatoa mapovu kama soda. Jina lake lenyewe lilikuwa likiniambia: inakula oili na kuitapika majini. Ile nyingine tuliyotia, bei yake haikufika hata nusu ya nilichomtoza mzee. Ufundi wote nilimrudishia, kwa mafungu, miezi minne. Kila mwisho wa mwezi nikifika Gongoni ananimiminia kahawa, anapokea pesa, hataji gari. Afadhali angenitukana.

2. Chota maji ya rejeta kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache ilale: oili huelea, kutu hutuama.

3. Injini ikiwa baridi, jaza rejeta, acha wazi, piga stati. Mapovu yasiyokoma ni moshi wa silinda unapenya, na hapo gasketi, au ufa wa hedi, ndio wa kushukiwa. Ila lori la breki za upepo, compresa yake, pampu ya huo upepo, nayo hupozwa na maji ya injini, na gasketi yake ikiungua inapiga mapovu vile vile, kwa hiyo itenge kwanza.

4. Kujua kama maji yameingia kwenye oili, lori lilale, asubuhi legeza taratibu bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Maji ni mazito, yatatangulia. Weka kopo, si kiganja.

5. Maji ya kisima. Jamani, visima vyetu vya karibu na bahari mnavijua, chai yake mnaikataa halafu mnainywesha injini! Tia kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia pia maji kuganda, nusu kwa nusu na maji safi. Msiniambie Malindi hakuna barafu. Kulanti inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Na thamostati, ile vali inayofungulia maji yakipata moto, hairushwi jalalani "ili gari lipoe". Nikimkuta mtu anaitupa, siku hiyo wali wa nazi tutakula bila yeye.

Sasa turudi kwenye Kenta ya juzi. Chupa ililala dirishani. Jana asubuhi juu hakuna hata tone la oili. Chini kumetuama tope la manjano. Nikamwita dereva. Akakuna kichwa. "Fundi, ilikuwa ikivuja pale Mambrui, nikatia bizari ya manjano pakti mbili."

Yule kijana wetu alikuwa keshalegeza bolti sita za hedi. Gasketi ilikuwa nzima, sasa siiamini tena, lazima inunuliwe mpya. Bado tunajadiliana ni nani atakayeilipa.