Kulanti Ikinuka, Usiniulize pa Kumwaga

"Shikamoo fundi. Kulanti ikishaanza kunuka huwa mnaimwaga wapi?"

Ujumbe huo umetoka kwa kijana wa Morogoro aliyenunua mashine ya mtumba ya kukereza vyuma. Kulanti ni mchanganyiko wa maji na mafuta unaomwagiwa chuma kinapokatwa ili kisipate moto. Nilicheka, kisha nikakosa raha. Mimi sikuwahi kumuuliza mtu. Nilichimba shimo nyuma ya karakana yangu hapa Dar, na kwa miaka sita kila mwisho wa mwezi nikamimina humo yale maji meupe kama tui. Mchanga wa huku unakunywa upesi. Asubuhi shimo kavu, nami nikajiona msafi.

Hatua kama arobaini kutoka hapo palikuwa na kisima cha mama lishe. Alikuja kusema chai yake inanuka mafuta. Nikamwambia akasugue sufuria zake, tena mbele ya wateja. Faini niliyopigwa baadaye nimeshaisahau. Jibu lile sijalisahau.

Nilidhani mafuta yatanasa mchangani. Kumbe kulanti imetiwa kitu kama sabuni ili mafuta yakubali maji, kwa hiyo maji yakishuka, nayo yanashuka, pamoja na metali zilizoyeyuka humo. Na chini ndiko tunakochota. Tangu ukame wa 1997 visima vimechimbwa Dar kila kona.

Basi, mdogo wangu, anza na kuuliza kwa nini inaoza. Mafuta ya kulainishia reli za mashine hudondokea tangini, yakaelea na kuziba hewa. Bakteria wasiotaka hewa wanashamiri, na Jumatatu ukiwasha mashine unakaribishwa na harufu ya yai viza. Mimi nayaengua kila jioni kwa upawa. Ndiyo, upawa wa jikoni, mke wangu aliudai akachoka. Kulanti iliyokuwa haimalizi mwezi sasa inafika mitano.

Tangi likipungua usiongeze maji matupu, ongeza mchanganyiko mwepesi. Kwa chuma cha kawaida mimi natumia sehemu moja ya mafuta ya kulanti kwa kumi na tisa za maji, na mafuta ndiyo yanayomiminwa kwenye maji, siyo kinyume chake. Mabaki ya chuma yaweke kwenye pipa lililotobolewa chini, juu ya beseni, yachuruzike usiku kucha. Utashangaa kiasi cha kulanti kinachorudi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa akinikata kilo kwa sababu ya unyevu. Siku hizi hana la kusema. Kulanti iliyokufa kabisa iweke kwenye dumu lenye mfuniko, juu ya sakafu ya zege, umpe mwenye kibali cha kubeba taka hatarishi. Halafu engua. Nimeshasema, lakini hamsikii.

Wenye karakana wenzangu mtasema oili kidogo haina neno. Kule Owino Uhuru, Mombasa, madini ya risasi kutoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu yaliingia kwenye damu za watoto, na Julai 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ninyi mna ngapi?

Shimo langu nimelifukua, udongo uliolowa nikaulipia uondolewe. Yule mama amehamia ng'ambo ya barabara, maji ananunua kwa dumu. Salamu yangu anaitikia. Chai haniuzii.