Unapata wapi muda? Jibu kwa kijana wa Nakuru

Jumanne usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Nakuru. Anakaa Free Area, mchana anahudumia kompyuta za ofisi ya bima, usiku anatengeneza mchezo wa simu unaotokea ndani ya kreta ya Menengai, mizimu na moshi wake wote. Aliandika hivi: "Kaka, habari za Kisumu. Niliona video ya nyatiti yako ya simu. Mradi wangu una miaka miwili na mhusika wangu bado hajajua kuruka. Kila nikikaa chini kunazuka jambo. Wewe muda unautoa wapi?"

Nilicheka peke yangu, maana ujumbe wenyewe ulinikuta nimepiga magoti jikoni, nammulikia fundi wa bomba kwa simu hiyo hiyo, na maji yameshavuka kizingiti cha sebule. Nilimwahidi jibu fupi. Jibu fupi limenishinda.

Kwa wasionijua: naandika programu hapa Kisumu, huu ni mwaka wa kumi na moja. Mchana natengeneza mifumo ya watu. Stoo, mishahara, risiti, malipo ya M-Pesa. Hiyo ndiyo inayolipa nyumba ya Migosi na karo. Usiku, ukipatikana usiku, natengeneza nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, inayokaa ndani ya simu: nyuzi nane, unazigusa kwa vidole gumba. Ukiiona utasema ni kitu kidogo. Imenila miaka mitatu na nusu. Wiki iliyopita ndipo kwa mara ya kwanza ilipolia kwenye simu ya bei ya chini bila kuchelewa, yaani unagusa na hapo hapo inalia. Nilimwita mke wangu. Akaja na mwiko mkononi, akasikiliza, akasema, "Si hii ilikuwa inalia hata mwaka jana?" Akarudi kwenye omena zake.

Sasa, muda. Sina. Sijawahi kuwa nao, na sidhani kama utakuja. Lakini nisikimbilie huko kabla sijakwambia nilivyoanguka, kwa sababu ushauri wa mtu ambaye hajaanguka mimi huwa siuamini.

Nilianza kwa njia ya kivivu, kurekodi. Upande wa Seme kuna mzee mmoja, jathum, yaani mpiga nyatiti, wa siku nyingi, nikamwendea na kinasa sauti cha kuazima na kilo mbili za sukari. Nikamwomba apige uzi mmoja mmoja, kila uzi mara kumi, polepole na kwa nguvu. Mtu aliyezoea kupiga nyatiti mpaka watu wainuke vitini, leo anaambiwa apige uzi mmoja anyamaze! Alinivumilia. Jogoo akiwika, tunaanza upya. Ng'ombe akilia, tunaanza upya. Tulimaliza jua likizama, nikarudi mjini na sauti themanini safi kabisa.

Wenzangu wa kazi hii watajua pa kushika kichwa nikisema hivi: faili za sauti zilikuwa nzito, kwa hiyo nikaziandika kwenye .gitignore, ile orodha ya faili zisizopandishwa mtandaoni pamoja na msimbo. Msimbo ukawa unapanda GitHub, ghala la msimbo la mtandaoni, kila siku kama mtoto mwema, sauti zikabaki kwenye laptopu. Nilijiambia nitazitolea nakala wikendi.

Ikaja Aprili. Mnaijua Kisumu ya masika: mchana kutwa joto la kuoka mandazi, jioni mawingu meusi yanateremka kutoka vilima vya Nandi, halafu mbingu zinapasuka. Laptopu ilikuwa kwenye chaji. Sikusikia hata radi yenyewe vizuri, nilisikia tu mlio kama wa kuvunja kijiti nyuma ya meza, na stima ikapotea mtaa mzima. Kesho yake fundi pale Oginga Odinga Street alifungua mashine, akainamisha pua akainusa kabla hata hajaiangalia, akanirudishia kifuniko. "Madabodi imeenda. Na diski imeenda nayo."

Nikarudi Seme na sukari nyingine. Mzee akanisikiliza vizuri, akaenda kuleta nyatiti, akapiga. Haikuwa ile. Nyuzi zilikuwa zimekazwa upya. Nyatiti haina sauti moja ya kudumu kama piano ya kanisani, mpigaji huikaza ifuate koo lake, na koo la mzee mwaka ule lilikuwa limeshuka. Kwake hilo halikuwa tatizo lolote. Alishangaa nilivyokunja uso. Nilikunywa chai, nikaaga, nikapanda boda nikiwa nimekasirika bila kujua nimkasirikie nani.

Kasirani nyingine lakini ina mwenyewe. Miezi ile ile nilikuwa nimemaliza mfumo wa duka la vifaa vya ujenzi, mji siutaji. Tulikubaliana shilingi 140,000. Alinipa 55,000 ya kuanzia. Nilipomwambia mashine yangu imeungua na nahitaji salio langu, akaanza kuona kasoro. Rangi ya kitufe. Jina la mkewe liondolewe kwenye orodha ya watumiaji. Kisha likarudishwa. Kisha simu yangu ikawa haishikwi. Shilingi 85,000 mpaka leo. Na mfumo anautumia! Mwaka jana nilipitia pale kwa makusudi nikanunua misumari ya shilingi hamsini, ili nione tu. Risiti ikatoka na kosa langu mwenyewe la tahajia pale chini: "Asnte kwa kununua kwetu." Ninayo ndani ya pochi. Mke wangu ameniambia mara nyingi niitupe.

Basi kijana wa Nakuru, usiseme kila ukikaa chini kunazuka jambo kana kwamba wengine tunakaa chini na hakuzuki kitu.

Nilinunua laptopu ya mtumba kwa mkopo wa chama, ile ambayo herufi ya E inabonyezwa mara mbili. Sikuwa nimeizoea, mama akateleza bafuni kwao Bondo, akavunjika nyonga. Hapo nitapita haraka. Wiki tano za matatu kwenda na kurudi, foleni, fomu, damu ya kutafuta kwa jamaa, harambee ya simu ambayo binamu zangu wawili waliahidi na bado wanaahidi. Alipona. Anatembea kwa mkongojo na anagombana na kila mtu, yaani amepona kweli.

Lakini kwenye benchi la kusubiria lile ndipo nyatiti ilipozaliwa mara ya pili. Sikuwa na laptopu, nilikuwa na simu yenye Termux, programu ya kuandikia msimbo kwenye simu, na asilimia thelathini ya chaji. Na kwa kuwa sikuwa na sauti za mzee tena, ilinibidi nijiulize swali ambalo nilipaswa kujiuliza tangu mwanzo: uzi ukiguswa, unafanya nini hasa?

Kuna mbinu ya zamani ambayo Kevin Karplus na Alex Strong waliichapisha mwaka 1983. Ni fupi hata unaweza kuiandika mgongoni mwa kadi ya kliniki, na mimi ndivyo nilivyofanya. Simu hutoa sauti kwa kusoma namba, kwa kawaida namba 44,100 kila sekunde. Unataka uzi unaotetemeka mara 220 kwa sekunde? Gawanya, unapata kama 200. Panga namba 200 kwenye duara, uzijaze ovyo ovyo, takataka tupu. Ukizicheza hivyo zitasikika kama mvua kwenye mabati. Halafu zunguka. Kila unapopita kwenye namba, iondoe na uweke wastani wake na jirani yake. Zunguka tena. Ile mivumo ya juu, mikali, ndiyo inayokufa kwanza, inabaki ile mizito ikififia taratibu. Hakuna kinanda, hakuna rekodi, ni kujumlisha na kugawanya kwa mbili. Na inalia kama uzi! Uzi kabisa, uliovutwa ukaachwa.

Nilikuwa nimevaa kipokea sauti sikio moja, sikio la pili linangoja jina la mama liitwe. Nilipousikia niliruka, nesi akanitazama.

Nyuzi za chini zilikubali siku ile ile. Za juu zilinitesa miezi, kwa sababu duara linakuwa fupi, na huwezi kuweka namba nusu kwenye duara. Ukizidisha namba moja sauti inashuka, ukipunguza moja inapanda, na sauti unayoitaka wewe iko katikati. Kuna dawa yake, ila ni makala nyingine.

Mwaka wa pili sina cha kuusimulia. Nilifanya kazi, nililipa chama.

Haya, ushauri. Ni mmoja tu, na ukiusoma utasema umetembezwa bure.

Pale hospitalini nilikuwa nakatizwa kila dakika kumi. Daktari anaita, chaji inaisha, mtu anakaa karibu anaanza hadithi ya mgonjwa wake. Nikagundua kinachoniua si kukatizwa, ni kurudi. Ukirudi baada ya siku nne hujui ulikuwa unafikiri nini. Unasoma msimbo wako kama barua ya mtu mwingine, saa nzima inaisha unakumbuka tu, na saa yenyewe ndiyo uliyokuwa nayo pekee. Unafunga mashine umechoka na hujaandika mstari. Ukifanya hivyo mara tatu, mradi umekufa, na utasema uliuawa na kukosa muda.

Kwa hiyo nilichukua daftari la hesabu la binti yangu, lile la vijisanduku, lililobakia kurasa za mwisho. Kabla sijaacha, hata kama jina limeshaitwa, naandika sentensi moja inayoanza na neno Kesho. "Kesho: uzi wa 6 unachelewa, punguza bafa" (bafa ni foleni ya sauti zinazongoja kuchezwa). "Kesho: badilisha 200 iwe 201, sikiliza." Sentensi iwe ndogo kiasi kwamba mtu mwenye usingizi aweze kuitekeleza. Usiandike "Kesho: maliza sauti." Hiyo ni dua.

Na jambo la pili, ambalo ni lile lile: usiache kazi mahali pagumu. Ukiona unakaribia kukwama, rudi nyuma hatua moja, uache pale ambapo unajua hatua inayofuata. Wengi tunafanya kinyume. Tunapigana na kosa mpaka saa nane usiku, linatushinda, tunalala nalo, halafu tunashangaa kwa nini wiki nzima hatuna hamu ya kufungua mashine. Nani ana hamu ya kurudi alikopigwa?

Nakala za faili pia. Weka. Sitasema zaidi, nimeshasema kwa machozi.

Sasa ngoja niwaambie vijana jambo, maana huyu wa Nakuru si peke yake, inbox yangu imejaa. Mnapenda sana jina la mradi kuliko mradi. Mnaniletea nembo, mnaniletea rangi, mnaniletea ukurasa wa "inakuja hivi karibuni", na mhusika hajui kuruka. Mnatazama video za watu wanaoamka saa kumi alfajiri huko Marekani, wanakunywa maji ya ndimu, wana dawati jeupe na taa ya zambarau. Yule hana mama Bondo. Yule hadaiwi na chama. Ukimwiga, siku ya kwanza mtoto akiamka na homa mpango wote unavunjika, na unajiona wewe ndiye mvivu. Si mvivu. Umevaa viatu vya mtu mwingine, vinakubana, unalaumu miguu. Andika sentensi yako ya kesho, funga mashine, mpeleke mtoto hospitali. Mradi utakungoja kama unajua ulipouacha.

Naona nimeanza kuhubiri. Baba alikuwa katekista, samahani.

Jumamosi nilikwenda Seme kumwonyesha mzee. Nilimpa simu, nikamwelekeza pa kugusa. Mwanzoni aligusa kama anayejaribu pasi ya moto. Kisha vidole gumba vikapata njia, na kwa muda wa kama dakika mbili nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kuanzia pale hadi Kisian. Wajukuu walikusanyika. Nilikuwa nimeshaanza kutoa simu ya pili nirekodi.

Akaacha kupiga. Akaigeuza simu, akaangalia mgongo wake, akaigeuza tena.

"Na mguu uko wapi?"

Anayejua nyatiti ameshaelewa. Mpigaji hupiga kwa mikono miwili na kwa mguu: kwenye kidole gumba cha mguu huvaa oduong'o, pete ya chuma, anagonga nayo ukingo wa chombo, na huo ndio mwendo wa wimbo mzima. Miaka mitatu na nusu nimekuwa nikisikiliza nyuzi. Wala hakusema kwa ubaya, alikuwa anautafuta kweli.

Nimeshajaribu. Katika mbinu ile ile ya akina Karplus, ukigeuza alama ya namba kuwa jumlisha au toa kwa kubahatisha, uzi unageuka kuwa kitu kama ngoma. Kwangu umegeuka kuwa mtu anayegonga sufuria. Kwenye daftari nimeandika: "Kesho: gonga kijiko kwenye ukingo wa meza, rekodi, tazama umbo lake." Na faili hiyo ya kijiko haiingii kwenye .gitignore.